Nywele za Mwanahawa

Jumatatu, 3 Machi

Nesi wa zahanati kanipima presha, kaangalia mashine, kaniangalia mimi. Akaniuliza, mama unawaza nini? Nikamwambia nawaza vyote. Akasema basi ukiwa na jambo liandike, ukishaliandika liache huko huko kwenye karatasi. Mimi niliishia darasa la saba, na mwandiko wangu hata muuza duka anaucheka, lakini haya, naandika.

Leo mfungo wa pili. Mvua bado, mawingu yamekaa tu juu ya mlima. Sabra anakuja keshokutwa. Nawaza atalala wapi, maana kile chumba chake kinavuja upande wa kichwani.

Jumatano, 5 Machi

Amefika. Amekonda. Anasema hajakonda.

Baba yake alishuka mpaka Bigwa kumpokea, wakapanda mlima na boksi ambalo hakutaka lishikwe na mtu yeyote, hata mimi. Nilidhani ni nguo za Idi. Kafungua, ndani mna vipande vya vioo, mikasi midogo, bakuli jeupe, bahasha za kaki na karatasi za nailoni zilizochorwa viduara, vingine vidogo kama punje ya ulezi, vingine vikubwa kama kizibo cha chupa.

Yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasoma habari za viumbe. Nilijua anakuja kupumzika, kumbe kaja na kazi, na kazi yenyewe ni kupima nywele za watu. Nilimuuliza mara mbili. Baba yake akauliza, na mbuzi je, wanapimwa lini? Sabra akacheka mpaka akakaa chini. Niliposikia kicheko kile moyo ulitulia, hata kama sielewi.

Ijumaa, 7 Machi

Ameanza na mimi. Kanikalisha barazani, kaniuliza kwanza kama nakubali, kwa adabu kana kwamba hatujuani. Nikasema mwanangu, kichwa hiki ndicho kilichokubebea maji ya kuogea, kata.

Kakata nyuzi sita tu, nyuma, karibu na shingo. Akaziosha, akazilaza kwenye bakuli la maji ziamue zenyewe zinavyotaka kujikunja. Hapo hapasukwi, hapavutwi, hapapakwi kitu. Zilipotulia akazihamishia juu ya kioo, akakiweka kioo juu ya ile nailoni, akawa anatafuta kiduara gani kinalingana na mkunjo. Halafu anahesabu mawimbi, anaandika.

Miaka yote naambiwa nina kipilipili, nami nikajua kipilipili ni kipilipili. Sabra akaniita nitazame. Uzi mmoja umejiviringa kama kijikamba cha mmea wa boga, mwingine umelegea umekuwa wimbi tu. "Zote hizi za kwako, mama," akasema, "na hazilingani."

Anasema wazungu waliopima zamani walitaja nywele za kwao wenyewe aina nyingi, walipofika kwetu wakaandika aina moja, wakafunga kazi. Yeye na wenzake wanataka kuonyesha kwamba hata kijiji kimoja kina nywele za kila namna. Wenzake wanapima kule mashamba ya miwa, ambako watu wametoka mikoa yote. Yeye kapewa mlima. Anatakiwa apate vichwa sitini ambavyo havijawahi kutiwa dawa ya kulainisha nywele, na hasa zile nyumba zenye bibi, mama na mjukuu pamoja. Asipovipata mpaka katikati ya Mei, anarudia mwaka.

Nilipolisikia hilo la kurudia mwaka sikusikia tena kingine.

Za kwangu zilizobaki nilizifukia kama tulivyofundishwa. Huku kwetu nywele haziachwi ovyo. Unazika mwenyewe, au anakuzikia mtu wako. Zile sita zimebaki kwenye bahasha na zinaniwasha kichwani kama bado zipo. Nikajiambia aliyenazo ni mwanangu, si mtu baki.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza. Chumba kinavuja, nilisema.

Alhamisi, 13 Machi

Watu wanakubali. Sikutegemea. Wanamwambia tumekubeba mgongoni wewe, tukuogope nini leo. Wengine wanauliza kama watajulishwa ugonjwa, yeye anawaeleza kwamba hapimi ugonjwa, anapima umbo tu. Kila mtu anataka kutazama kwenye kioo. Mwalimu wa madrasa aligundua kwamba yeye na kaka yake, tumbo moja, baba mmoja, kila mmoja ana kiduara chake, akaondoka anatikisa kichwa na kutabasamu.

Aliyekataa ni Mwanahawa. Huyu ni jirani yangu wa nyumba ya chini, ndiye mwenzangu wa kusukana tangu tulipoletwa huku wote tukiwa wanawali. Nyumbani kwake yupo mama yake, yupo yeye, yupo binti yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutia dawa kichwani. Sabra aliwaangalia watatu wale kama mtu mwenye njaa anavyoangalia ubwabwa.

Mwanahawa hakusema vibaya. Alisema, "Sabra ni mwanangu. Akitaka ndizi nitampa, akitaka kuku nitamkamatia. Nywele hapana."

Mimi naona ni ukaidi. Yeye tangu zamani ni mtu wa hapana.

Jumamosi, 15 Machi

Kondo kapita, kakata mkungu wangu wa ndizi mzuri kuliko yote, kauweka begani, kasema anaenda kufuturu. Sina la kufanya, ni mtani. Ukoo wake ni watani wa karibu nusu ya kijiji, kwangu na kwa Mwanahawa pia. Anachukua anachotaka, anasema anachotaka, na tukifiwa wao ndio wanaosimamia kila kitu huku wanatutukana. Kasema tangu nianze kufunga nimezidi kunenepa, anashangaa mfungo gani huo.

Nilimwambia Sabra ampime, angalau tupate faida. Kondo kavua kofia. Kipara kitupu, kinang'aa.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Udongo umeporomoka, njia ya Bigwa imekatika. Mboga zangu zimeozea kwenye tenga.

Jumanne, 25 Machi

Sabra kazungumza kwenye simu na mwalimu wake wa chuo, Daktari Editha. Mtandao unapatikana pale kwenye jiwe la kuanikia karafuu tu, kwa hiyo anapiga kelele na kila mtu anasikia. Vichwa anaelekea kuvipata vya kutosha, lakini nyumba zenye vizazi vitatu vizima ni chache. Ama bibi amekwisha kufa, ama binti katia dawa. Nikamsikia anasema, ipo nyumba moja hapa ingefaa sana, lakini hawataki, na siwezi kuwalazimisha.

Alirudi mpole. Alipokuwa mdogo akiwa mpole hivi, kesho yake anaumwa. Nikamshika paji la uso. Hakuwa na homa.

Jumamosi, 29 Machi

Nimefanya jambo. Naliandika nione kama litabaki kwenye karatasi kama alivyosema nesi.

Leo wanawake wote wanasukana, maana Idi ni kesho au keshokutwa, mwezi bado haujaonekana. Mwanahawa alikuja barazani kwangu kama kila mwaka. Nilimfumua, nikamchana kwa chanuo, nikamsuka mtindo wa twende kilioni. Tulikuwa tunacheka habari za kaka yake aliyenunua kanzu ndefu mpaka inafagia njia. Nywele zilizotoka kwenye chanuo nilikuwa nazikusanya mapajani mwangu, ndivyo tunavyofanya, mwenyewe akimaliza anazichukua akazike.

Nilipofunga msuko wa mwisho mvua ikaja kwa kishindo, na yeye alikuwa ameanika mpunga. Akasimama akakimbia, huku ananiambia nikunjie, nitumie kwa mtoto. Nikakunja. Niko na ule mpira wa nywele mkononi, mweusi, mdogo kama kokwa la embe dodo. Nikaugawa. Nusu nikampa binti yake alipokuja. Nusu nikafunga kwenye pindo la kanga.

Nilijisemea, ni zilizoanguka tu. Nilijisemea, hatajua, na mtoto atafaulu.

Jumapili, 30 Machi

Mwezi haujaonekana, Idi kesho.

Nimempa Sabra. Nikamwambia Mwanahawa amekubali, ila ana aibu, usimsumbue. Sabra alinikumbatia. Halafu akaziangalia, akasema zimevutwa na chanuo na zina mafuta, hazifai kupimwa, lakini si neno, kama amekubali atamwendea mwenyewe akate sita kwa utaratibu. Nikasema usiende. Akasema sawa mama.

Usiku huu ninaona heri ningenyamaza.

Jumatatu, 31 Machi. Idi

Mwanangu ana adabu. Nimemlea mimi. Hakwenda kukata nywele, kama nilivyomwambia. Alikwenda kushukuru.

Alichukua sahani ya pilau, akaifunika kitambaa, akashuka kwa Mwanahawa akiwa na gauni lake jipya. Mimi nilikuwa jikoni nagawa nyama. Nilipouliza Sabra yuko wapi na baba yake akanijibu, niliuacha mwiko ndani ya sufuria. Nikashuka mbio, kandambili moja ikabaki kwenye tope.

Uani palikuwa na watu wa Idi, wageni, watoto. Mwanahawa amesimama ameishika ile sahani bado haijafunuliwa. Sabra anatabasamu. Mwanahawa akaniangalia akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Sabra, huyu mtoto ananishukuru kitu gani?"

Nikasema ni zile za kwenye chanuo. Zilizoanguka.

"Zilizoanguka si zangu?"

Nilimwona Sabra anavyoelewa. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilikaa pale usoni halina kazi, ndipo likaondoka.

Mwanahawa hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya, maana nami ninalo domo. Alisema, "Kama ulizitaka, ungeniomba mara ya pili."

"Ungekataa," nikasema.

"Ungeniomba mara ya tatu."

Akamrudishia Sabra sahani. Siku ya Idi, pilau likarudi nyumbani limefunikwa vile vile. Sabra alipanda mlima mbele yangu bila kugeuka. Tulipofika alienda kwenye boksi lake, akatoa ile bahasha, akashuka tena peke yake kwenda kumkabidhi mwenyewe. Aliporudi alijifungia.

Nimekula pilau lile mimi. Sikuweza kulitupa.

Jumanne, 1 Aprili

Asubuhi alikuja mama mmoja wa kule juu. Kasalimia vizuri, kakaa, kaulizia mvua. Halafu akasema, mwanangu, zile zangu nirudishie. Hajakaa sana akaja mwingine. Baada ya adhuhuri walikuwa wanakutana mlangoni. Hakuna aliyetukana. Wote walisema samahani, na samahani zao ndizo zilizoniumiza.

Sabra alimpa kila mtu bahasha yake. Nilimwambia, si ulikwisha wapima wengine, yale maandishi baki nayo. Akasema aliwaahidi kwamba wakibadilisha mawazo anafuta kila kitu. Akawa anafuta mbele yao, mmoja mmoja.

Jumatano, 2 Aprili

Binti wa Mwanahawa ana homa. Kijiji kizima kinaijua homa hiyo kuliko daktari.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeshuka zahanati kujifanya napima presha, nimuulize nesi. Ni malaria, amepewa dawa. Presha yangu sitaiandika.

Jumamosi, 5 Aprili

Mtoto amepona, nimemwona anacheza. Nililia kidogo nyuma ya choo. Mwanahawa alipita na ndoo, hakunisalimu. Hatujawahi kupishana bila salamu, hata mwaka ule tuliogombania mpaka wa shamba.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Sabra kanifulia nguo zote. Ana upole ule wa kumhudumia mgonjwa. Afadhali angenikaripia.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo tumezungumza. Tulikuwa tunapalilia mahindi, yamefika magotini. Nikamwambia mwanangu nisamehe, nimekuharibia. Akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari, ndipo akasema, "Wa kwanza kuombwa msamaha si mimi."

Halafu akaniambia kitu. Alipokuwa mdogo, kila nikimchana alikuwa analia, nami nilikuwa namwambia nyamaza, nywele zako ngumu kama za baba yako, Mungu hakukupendelea kichwani. Kasema hana kinyongo, nilikuwa nachana tu. Lakini alipofika chuoni akasikia ipo kazi ya kupima nywele, alitaka ajue ugumu wenyewe uko wapi, upo kwenye nini, unapimwaje. Amepima, hajauona. Ameona mikunjo mikubwa na midogo, minene na myembamba. Ngumu hakuna kwenye kioo.

Siku zote nilidhani kazi hii ni ya walimu wake wanaoijua wao. Kumbe ni ya kwake mwenyewe, ameitoa kwenye kigoda changu pale mlangoni. Nimemwangalia mgongo wake akipalilia. Huyu ni mtu mzima. Lini alikuwa mtu mzima na mimi nilikuwa wapi?

Ijumaa, 18 Aprili

Nilijaribu. Nimeshuka kwa Mwanahawa, nimebisha hodi, ndani wapo nawasikia, hakuna aliyeitikia. Baba Sabra kasema, wewe mlango ule huufungui peke yako, nenda kwa Kondo. Yeye akizungumza mara moja kwa wiki huwa ni hivyo.

Sitaki. Kondo atanichekesha watu mwaka mzima.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimeenda kwa Kondo.

Nilimkuta ukumbini kwake anaparua mdalasini. Nikamweleza yote, sikuficha, hata la kumdanganya mtoto. Alisikiliza bila kusema, nikaogopa, maana Kondo aliyenyamaza sijawahi kumwona. Nilipomaliza akaweka kisu chini.

"Mtani," akasema, "miaka yote hii nakutukana bure, najilaumu, kumbe ulikuwa unastahili."

Kaniambia nimkamatie kuku wangu, yule jogoo, si mtetea, nimbebe mwenyewe. Kisha akachukua kamba ya mgomba akanifunga mikono yote miwili na jogoo ndani yake, kama mwizi anayepelekwa kwa mwenyekiti. Tukatoka. Yeye mbele, mimi nyuma, mvua ya rasharasha, na kila tukipita nyumba anaita watu waje wamwone mwizi mpya, kaiba kitu ambacho hata panya hataki. Watu wakatoka. Wakaanza kufuata. Ningekuwa na mikono ningejifunika kanga usoni.

Uani kwa Mwanahawa akasimama akaita. "Wenye nyumba, nimewaletea mwizi. Mnene, presha inapanda, hafai kwa kazi nzito. Mkimtaka haya, mkimkataa semeni nikamtupe korongoni kabla hajamnyea kuku wangu."

Nikasikia kicheko ndani, kicheko cha mtu asiye na meno. Ni mama yake Mwanahawa. Akatoka kwa mkongojo, akaketi kizingitini. Nikamwamkia, shikamoo bibi, na jogoo naye akawika hapo hapo kifuani kwangu, bibi akacheka tena mpaka akashikwa na kikohozi. Ndipo Mwanahawa akatokea kumpiga piga mgongo mama yake. Hakucheka. Akaniangalia mikono.

"Mfungue, ataanguka," akasema.

"Aseme kwanza," Kondo akajibu.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yaliondoka. Nikasema, "Mwanahawa, nilimwogopea mwanangu. Sikukuogopea wewe. Moyoni nilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu."

Maji yanadondoka kutoka kwenye bati. Akasema, "Na mimi nina mwana. Alipopata homa nilikutaja jina. Nilikuwa najua ni malaria, na nikakutaja."

"Hata mimi ningekutaja," nikasema.

"Nimesikia, Mama Sabra."

Kwetu mtu akisema nimesikia, ndiyo amesikia, usimsukume. Akanifungua kamba mwenyewe. Jogoo akachukuliwa na Kondo, ni haki yake.

Ingeishia hapo. Lakini bibi akauliza, na yule mtoto kazi yake imefikia wapi? Watu wakaangalia chini. Nikasema hana kitu, amewarudishia wote, atarudia mwaka.

Kondo akawageukia wale waliotufuata. "Nyinyi mkifiwa nani anawanyoa?"

Kila mtu anajua. Wao watani. Matanga yakiisha wao ndio wanaoshika wembe.

"Vichwa vyenu vyote nimevishika. Na nywele zenu zote nimezikabidhi kwa wenyewe mkazizika. Kuna aliyekufa kwa mkono wangu? Wewe umekufa? Wewe?" Akawa anawaonyesha kidole mmoja mmoja. "Basi mikasi nitashika mimi. Mtoto apime pale pale mnamwona, akimaliza mwenyewe anabeba zake anaondoka. Asiyetaka abaki na kipilipili chake, mimi sitamlilia."

Mtu mmoja akasema, na wewe kipara unajua nini habari za nywele? Kondo akasema ndiyo maana anaaminika, hana cha kulinganisha. Hapo walicheka wote, na nilimwona Mwanahawa anauma mdomo.

Jumanne, 22 Aprili

Sabra kampigia Daktari Editha kwenye jiwe la karafuu, kijiji kizima kikisikiliza. Utaratibu wao ni kwamba nywele zipelekwe chuoni zikatazamwe kwa darubini. Sabra akaeleza kwamba haiwezekani, akaeleza na kwa nini, hakuficha jina la mama yake. Daktari kauliza kama kioo kinaweza kupigwa picha vizuri pamoja na rula. Sabra akasema kinaweza. Unene wa uzi hatutaupata, kasema daktari, lakini umbo tutakuwa nalo lote. Fanya.

Alipokata simu alinigeukia. Akaniambia, mama niandalie chai, nina kazi.

Jumatano, 30 Aprili

Baraza langu limekuwa kama matangani bila maiti. Kondo anakata na kutukana, hakuna anayesalimika. Huyu nywele zake zimekimbia mbele zikarudi nyuma kuomba hifadhi. Yule kichwa chake kinafaa kusugulia sufuria. Watu wanavunjika mbavu, na mikono yao inangojea imenyooshwa, mpaka nyuzi zao sita ziingie tena kiganjani. Mimi nakoroga uji.

Jana alikuja kijana mmoja aliyeogopa kuaibishwa, maana wenzake shuleni humwita sufuria chafu kwa nywele zake za chembechembe. Sabra akamwonyesha kwenye kioo. Mkunjo wake ulikuwa mdogo kuliko viduara vyote, ikabidi achore kipya. Akamwambia hiki kiduara hakikuwepo mpaka ulipokuja wewe. Kijana aliondoka anatembea kama ameoa.

Jumatatu, 5 Mei

Mwanahawa ananisalimu. Salamu fupi, na kuulizia mahindi. Kutoka kwake hajaja mtu kupimwa. Sabra kasema mama usimtaje, usimwangalie, usimpelekee chochote. Nimetii. Ni kazi ngumu kuliko kupalilia.

Jumapili, 11 Mei

Vichwa vimefika sitini na vichache juu. Mwaka hataurudia. Nilipika wali wa nazi. Sabra amefurahi, lakini namjua mwanangu, kuna ile nyumba. Akaniambia, "Mama, nyumba nyingine zimetosha. Ile acha iwe yao." Nikaona ameshanipita mimi kwa kujua kuacha.

Mvua zinapungua. Leo tumeona kilele chote cha mlima.

Jumanne, 13 Mei

Sabra anaondoka kesho. Asubuhi alikuwa anafunga vioo vyake kwa magazeti. Nikasikia hodi.

Mwanahawa, na mama yake amemshika mkono, na binti nyuma. Wote watatu wamefunua vichwa, wamefumua, wameosha. Hawakupita kwa Kondo. Mwanahawa akaketi kwenye kigoda akamwambia Sabra, "Kata wewe. Anayenijua si mtani, ni wewe."

Sabra akaniangalia. Nikaangalia kwingine, maana nilikuwa nimeambiwa nisiangalie.

Aliwafungulia vioo upya. Alimkata bibi kwa mkono mwepesi kama anamtoa mwiba. Akalaza majini, akasubiri. Tulikaa wote watano tumeinamia bakuli moja. Za bibi nyeupe, zimelegea, mawimbi mapana. Za mtoto zimejifunga vidogo vidogo. Za Mwanahawa nimezichana miaka yote hii na sikuwa nimeziona. Zilijikunja nusu, zikanyooka, zikajikunja tena upande mwingine, kama njia ya kwetu ya kushukia Bigwa. Sabra alikaa nazo muda mrefu. Hakusema kitu cha kisomi. Alisema, "Mama mdogo, ahsante."

Akapiga picha. Akamrudishia bibi zake, akamrudishia mtoto zake, wakazifunga kwenye pindo. Akamrudishia Mwanahawa zake.

Mwanahawa alizishika kidogo kwenye kiganja. Halafu akaushika mkono wangu, akanifungua vidole, akaziweka humo, akavifunga vidole vyangu juu yake.

"Hizi kanizikie," akasema. "Safari hii nimekupa."

Wakaondoka watatu wanashuka taratibu kwa ajili ya bibi. Sabra akarudi kwenye kufunga mizigo, anapenga kamasi.

Nimekwenda peke yangu na jembe. Nimezizika. Ni pazuri, maji hayafiki. Wapi, hata hapa siandiki.